Mche Huvumilia, Kizazi Ndicho Kinachobadilika

Kazi yangu ni kukuza miche ya miti na nyasi za asili kwa ajili ya ardhi iliyochoka: kingo za mito zilizobomoka, machimbo yaliyoachwa, miteremko iliyopoteza udongo wake wa juu. Mtu akishinda kitaluni mwaka baada ya mwaka, akiangalia mche upi unakufa na upi unabaki, hujikuta na maswali ambayo hakuyatafuta. Kwa nini miche miwili ya aina moja, iliyopandwa siku moja kwenye udongo mmoja, mmoja unyauke na mwingine usimame? Na ule uliosimama, watoto wake nao watasimama? Maswali haya yanakaa karibu karibu, lakini majibu yake yako mbali sana, na kuyatenganisha ndiko kulikonifungua macho.

Nianze na jua. Saa saba mchana wakati wa kiangazi, nyasi nyingi hujiviringisha majani yakawa membamba kama sindano. Ukilichuma jani moja na kulikunjua taratibu kwa ukucha, utakuta upande wa ndani bado ni kijani kibichi ilhali wa nje umepauka. Humo ndani ndimo vilimojificha vitundu vingi vya kupitishia hewa, viitwavyo stomata, vidogo mno kuonekana kwa macho matupu. Jani likijiviringisha, upepo mkavu hauvifikii kwa urahisi na maji yanayopotea hupungua. Jioni jani hujikunjua lenyewe, wala hakuna aliyelimwagilia.

Miti nayo ina namna yake. Udongo ukikauka, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, na zile seli mbili zinazolinda kila kitundu hulegea na kukifunga. Ila kufunga kuna gharama. Hewa ya kaboni dayoksaidi, ambayo mmea huitumia kujitengenezea chakula, huingilia kwenye kitundu hichohicho. Kwa hiyo mmea unaokimbia kiu unajitia njaa, na unaokimbia njaa unajitia kiu. Kila aina imepata mizani yake. Ipo miti tunayoikuza ambayo husimamisha kila kitu dalili ya kwanza ya ukavu ikionekana, ikabaki mifupi kwa miaka. Ipo mingine huendelea kunywa na kukua bila kujali, ikawa mirefu na ya kupendeza, halafu kiangazi kikivuka mpaka wake huanza kukauka kutoka kwenye ncha.

Kitaluni tunautumia uwezo huu kila msimu. Kabla ya miche kwenda shambani tunaikomaza: tunapunguza maji kidogo kidogo, tunaondoa kivuli, tunaiacha ipigwe na upepo. Majani yanayochipuka baada ya hapo huwa madogo na manene zaidi, na ukiuchomoa mche unakuta mizizi imetangulia shina. Mche uliokwisha kuonja kiu mara moja huwahi kufunga vitundu kiu ya pili inapokuja. Sipendi kusema kwamba mmea unakumbuka kama mtu anavyokumbuka, lakini kuna alama inayobaki ndani ya seli zake, na alama hiyo inafanya kazi.

Maji mengi nayo ni shida, na watu wengi hawaielewi. Mche uliofunikwa na mafuriko haufi kwa sababu ya maji yenyewe. Unakosa hewa kwenye mizizi. Wakati fulani, baada ya mto kufurika, niliichukua mimea iliyokuwa imesimama kwenye maji siku kadhaa nikaikata mashina karibu na usawa wa udongo. Ndani kulikuwa na mianya mirefu iliyo wazi, ambayo mimea ya aina ileile iliyokua pakavu haikuwa nayo. Nikalibinya shina ndani ya ndoo ya maji, vipovu vikatoka. Mmea ulikuwa umeua baadhi ya seli zake wenyewe ili kufungua njia ya hewa kutoka juu hadi mizizini. Na pembeni mwa shina, juu kidogo ya tope, mizizi mipya myeupe ilikuwa imeanza kuchomoza.

Mpunga unaonyesha jambo hili vizuri kuliko mmea wowote ninaoufahamu. Kuna mpunga wa maji ya kina ambao, mafuriko yakipanda, hurefuka kwa kasi kuyafuata, hadi sentimita 25 kwa siku, ili majani yabaki juu. Na kuna mpunga mwingine wenye asili ya Odisha, India, ambao hufanya kinyume kabisa: ukifunikwa unaacha kukua, unatunza akiba yake, na unaweza kukaa chini ya maji kama wiki mbili kisha ukaendelea na maisha. Mwaka 2006 watafiti walieleza jeni (kipande cha urithi ndani ya seli) inayohusika na utulivu huo, Sub1A, na tangu hapo imeingizwa katika mbegu nyingi zinazolimwa Asia ya Kusini. Kurefuka kunafaa pale mafuriko yanapopanda taratibu na kukaa miezi. Kutulia kunafaa pale maji yanapokuja ghafla na kuondoka. Maji ni yaleyale. Namna yanavyokuja ndiyo iliyoamua njia ipi ibaki.

Nimeshika pia tawi la Myrothamnus flabellifolia, kichaka cha kwenye miamba ya kusini mwa Afrika. Lilikuwa la kahawia, majani yamejikunja, nikadhani likibonyezwa litageuka unga. Tukaliweka kwenye glasi ya maji, na kesho yake majani yalikuwa yamefunguka, ya kijani. Mimea ya kundi hili inaweza kupoteza zaidi ya asilimia 90 ya maji yake bila kufa. Inapokauka hujaza seli zake sukari zinazoganda na kushikilia kila kitu mahali pake, utando wa seli usipasuke na protini zisiharibike, mpaka mvua irudi.

Hayo yote, pamoja na lile tawi, ni mambo ya mmea mmoja katika maisha yake. Hapa ndipo wengi huchanganya. Mche niliokomaza mimi hautawarithisha watoto wake ukomavu ule, isipokuwa kwa kiasi kidogo sana na kwa muda mfupi. Kinachorithiwa ni uwezo wenyewe: jeni zinazouambia mmea lini ufunge vitundu, kina gani mizizi ifike, lini uchanue. Na jeni hizo hazifanani kwa kila mche. Zingefanana, ukame ungeua yote au usingeua hata mmoja.

Niliona hili waziwazi tulipokusanya mbegu za mti wa aina moja sehemu mbili, nyingine bondeni kando ya mto na nyingine kwenye mgongo wa kilima kilekile, mahali pa mawe na upepo. Tuliziotesha kwenye tuta moja, mistari ikipishana, udongo mmoja, maji mamoja. Hakuna mche uliopata shida yoyote. Hata hivyo, majani ya tatu na ya nne yalipofunguka tofauti ilionekana kwa mtu aliyesimama wima: miche ya kilimani ilikuwa na majani membamba yenye vinyweleo vya kijivu, ya bondeni ilikuwa na majani mapana yanayong'aa. Tulipong'oa michache, mzizi mkuu wa mche wa kilimani ulikuwa umekwisha kugusa chini ya kiriba, yaani mfuko wa kukuzia mche, na kupinda, ilhali shina lake halikufika hata nusu ya mwenzake. Miche ile ya kilimani haikuwahi kuona ukame hata siku moja, lakini ilikuwa imejiandaa kwa ukame wa mama zake. Nilisimama pale muda mrefu. Sijui kama kuna kitu kingine kitaluni kilichowahi kunigusa namna ile.

Baadaye nilisoma kwamba Göte Turesson alifanya jambo kama hili Sweden na kulichapisha mwaka 1922, akichukua mimea ya aina moja kutoka ufukweni, msituni na mashambani na kuikuza kwenye bustani moja. Mingi ilibaki na umbo la kwao. Huko California, Jens Clausen, David Keck na William Hiesey walikwenda mbali zaidi. Waliigawa mimea vipande, wakapanda vipande vya mmea uleule kwenye bustani tatu, kuanzia karibu na usawa wa bahari hadi mita 3000 hivi kwenye milima ya Sierra Nevada. Kwa njia hiyo waliweza kuona kipi kinatokana na mahali na kipi mmea umezaliwa nacho. Mimea ya pwani iliyopandishwa mlimani mara nyingi iliuawa na baridi. Ya mlimani ilipoteremshwa ilibaki mifupi. Ninapoletewa mbegu za kutoka mbali, zimeandikwa jina la aina tu bila mahali zilipochumwa, huwa nawafikiria watu hawa.

Swali linalofuata ni muda. Tumezoea kusikia kwamba mageuko, yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, yanahitaji mamilioni ya miaka, na kwa mambo makubwa ni kweli. Lakini kazi ya kwenye machimbo ilinionyesha upande mwingine. Tulipewa eneo la mabaki ya madini, udongo wa kijivu ambao kila tulichopanda kiligeuka njano na kufa, mizizi ikiwa mifupi na minene kama imeungua. Katikati ya eneo hilo, mbali na mkono wetu, palikuwa na vishada vya nyasi za kawaida kabisa, zilezile zinazoota nje ya uzio. Tulichuma mbegu za vishada vile, tukazipanda kwenye udongo uleule wa kijivu, zikashika. Mbegu za nyasi za nje ya uzio zilikuwa zimeota pia, ila karibu zote zilikufa zikiwa na urefu wa kidole.

Anthony Bradshaw na wanafunzi wake walilichunguza jambo hili kwa makini kwenye machimbo ya zamani ya shaba, zinki na risasi huko Wales, kuanzia miaka ya 1950. Walikuta nyasi zinazovumilia sumu ya madini zikiishi mita chache tu kutoka kwa nyasi za aina ileile zisizovumilia, ingawa chavua ilikuwa ikipeperuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kila mwaka. Walipootesha mbegu za malisho ya kawaida kwenye udongo wenye shaba, miche michache mno katika kila elfu ilinusurika. Hiyo michache haikutengenezwa na sumu. Ilikuwepo tayari malishoni, haina sifa yoyote, hakuna aliyeijua. Sumu ilipofika ndipo ikabaki yenyewe. Isitoshe, nyasi zile sugu zikirudishwa kwenye udongo mzuri hushindwa na wenzao, na hiyo ndiyo sababu malisho yote hayajajaa nyasi sugu. Kwenye baadhi ya mipaka ya machimbo, nyasi za upande wa sumu huchanua mapema kidogo kuliko majirani zao, hivyo kuchanganya chavua kunapungua. Ukilitazama hilo kwa utulivu utaona mwanzo wa kitu ambacho, kikiachwa muda mrefu, kinaweza kuwa aina mbili.

Mifano ya kasi ya namna hii ni mingi. Kule California haradali ya mwituni, Brassica rapa, ilipitia ukame uliodumu kuanzia mwaka 2000 hadi 2004. Watafiti walikuwa na mbegu zilizochumwa 1997, wakazikuza pamoja na mbegu za 2004 kwa wakati mmoja. Wazao wa waliopita kwenye ukame walichanua mapema, siku 1.9 kwenye eneo moja na siku 8.6 kwenye eneo jingine. Mmea unaochanua mapema hukamilisha mbegu kabla udongo haujakauka. Kwenye mji wa Montpellier, Ufaransa, kuna ua dogo la njano, Crepis sancta, linaloota kwenye vipande vya udongo chini ya miti ya barabarani. Hutoa mbegu za aina mbili, nyepesi za kupeperuka na nzito za kuanguka palepale. Mbegu inayopeperuka mjini mara nyingi hutua kwenye saruji na kupotea, na kwa makadirio ya watafiti, vizazi 5 hadi 12 tu vilitosha kwa mimea ya mjini kuongeza sehemu ya mbegu nzito.

Sisi wenyewe ni sehemu ya mazingira hayo, pengine iliyo kali kuliko zote. Dawa ya kuua magugu ya glaifosati iliingia sokoni mwaka 1974, na mwaka 1996 nyasi sugu ya kwanza iliripotiwa Australia. Kuna gugu la Marekani, Amaranthus palmeri, la ukoo mmoja na mchicha, ambalo njia yake ilinishangaza. Dawa hii hushambulia kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoendesha kazi fulani ndani ya mmea. Gugu lile limeongeza nakala za jeni ya kimeng'enya hicho, katika baadhi ya mimea zaidi ya mara 100, likatengeneza kimeng'enya kingi hadi dawa haikitoshi. Kwenye milima ya Hengduan, China, mmea wa Fritillaria delavayi huchimbwa kwa ajili ya dawa za asili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba pale unapochimbwa sana, majani na maua yake yamekuwa ya kijivu na kahawia kama mawe yanayouzunguka, na pale usipofikika kwa urahisi umebaki kijani. Wachimbaji waliona wa kijani, wakauchukua. Ule uliofanana na jiwe ukazaa.

Kutokana na hayo, jambo lililobadilisha zaidi kazi yangu ni namna ninavyoichukulia mbegu inayochelewa. Kila kundi la mbegu lina zinazoota wiki ya kwanza zote kwa pamoja, halafu zinazofuata moja moja, halafu zile zinazokaa kimya hadi unadhani zimeoza. Kitalu kinataka miche inayolingana, na ni rahisi kumwaga kilichobaki. Nikiwa bado mgeni kwenye kazi hii nilimuuliza mzee aliyekuwa akisimamia matuta, "Mzee, hizi ambazo hazijaota tuzimwage?" Akasema, "Usimwage, mwanangu. Hizo zinangoja mvua ya pili." Alikuwa amesema kwa maneno machache kile ambacho Dan Cohen alikionyesha kwa hesabu mwaka 1966 kuhusu mimea ya jangwani ya msimu mmoja. Mahali ambapo mvua ya kwanza huweza kudanganya, mama anayefanya mbegu zake zote ziote kwa pamoja ipo siku atapoteza ukoo mzima, na yule anayeacha sehemu yake ikalala hupata kidogo miaka mizuri lakini hafutiki. William Beal alizika chupa 20 za mbegu huko Michigan mwaka 1879. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 bado ilikuwa na mbegu zilizoota, baada ya miaka 142.

Kwa hiyo nikichuma mbegu sichumi kutoka kwenye mti mmoja mzuri, hata kama umejaa na matawi yake yanafikika. Nachuma kwa mingi, iliyo mbali mbali, mikubwa na iliyodumaa, mwanzo wa msimu na mwisho wake. Wapo wanaoniona napoteza muda. Kwangu mimi tofauti zile ndizo akiba yote tuliyo nayo, maana hakuna anayejua shida ijayo itakuwa ipi.

Kasi niliyoieleza isimpe mtu matumaini ya bure. Nyasi na haradali hupata kizazi kipya kila mwaka au karibu hivyo. Mti mkubwa huweza kuchukua miongo kabla ya kutoa mbegu ya kwanza, na mti unaotoa mbegu leo ulichaguliwa na hali ya hewa ya zamani, dunia ilipokuwa na ubaridi zaidi. Misitu imewahi kuhama mabadiliko yalipokuja, mbegu moja baada ya nyingine kuelekea juu au kuelekea ncha za dunia, lakini wakati huo haikuwa imezungukwa na mashamba na barabara. Hata mabadiliko ya haraka yanaweza kuupeleka mmea mahali pabaya. Utafiti wa mwaka 2023 ulilinganisha mbegu za zamani za ua la Viola arvensis kutoka eneo la Paris na mbegu za sasa. Maua ya sasa yamepungua ukubwa kwa takriban asilimia 10 na nekta kwa asilimia 20, na nyuki wanayatembelea kidogo. Wadudu wamepungua, hivyo ua linaelekea kujichavusha lenyewe, na nyuki waliobaki wanapata chakula pungufu. Mmea umejisaidia leo, lakini kujichavusha kunapunguza zile tofauti ambazo kesho ungezihitaji.

Mjadala tulio nao kazini sasa hivi ni mbegu zitoke wapi. Kanuni ya zamani ilikuwa mbegu za karibu tu, kwa sababu zimezoeana na mahali. Wenzangu wengine wanataka tulete za maeneo makavu na yenye joto zaidi, kwa kuwa mahali petu panaelekea huko. Mimi nimekuwa nikisisitiza tuchanganye: sehemu kubwa iwe ya hapo hapo, sehemu iwe ya kutoka pakavu zaidi, kila mstari uwekewe lebo ya ulikotoka, na wachavushaji wapewe nafasi ya kuzichanganya. Hofu ya wanaopinga ina msingi, maana mbegu ngeni zinaweza kuchanua wakati usiofaa au kuleta magonjwa. Ndiyo maana tunaanza na viraba vidogo. Kwa sasa miche ya bondeni ndiyo mirefu zaidi karibu kila kiraba, na wageni wakija ndiyo wanayoipiga picha. Kwenye daftari langu safu ya urefu iko mwisho. Ya kwanza ni nani amevuka kiangazi, ya pili nani ametoa maua, na ya tatu, ambayo bado iko wazi kwa miti mingi, ni nani ametoa mbegu zinazoota.